Kipimo cha Adhuhuri

Vijana wangu, mliniomba karatasi ya makabidhiano, nami nimewaachia: funguo mbili, orodha ya seva, na namba ya fundi wa jenereta, ambaye hapokei simu ya kwanza wala ya pili lakini ya tatu anapokea. Yaliyobaki hayaingii kwenye karatasi ya namna hiyo. Nayaandika hapa taratibu kwa kuwa sasa nina muda. Mke wangu anasema nina muda mwingi mno.

Siku ya kwanza nilipofika Chang'ombe, jengo lilikuwa bado linanuka ghala. Kabla yetu lilihifadhi sufi ya kujazia magodoro. Magunia yalikwisha kuondolewa, ila sufi ilibaki juu ya dari, na kila lori zito lilipopita barabarani nyuzi nyeupe zilishuka bila sauti, zikatua mabegani mwetu. Ukitoka mtaani watu walijua unafanya kazi wapi. Dari tumeibadilisha mara mbili tangu wakati huo. Sufi inashuka mpaka leo, na sijawahi kujua inatoka wapi.

Aliyenipokea ni Mzee Abeid, Mwarabu wa Temeke, mtoto wa duka. Ukoo wake ulikuwa umepima mchele na sukari kwenye mtaa uleule kwa vizazi vitatu. Yeye peke yake aliliacha duka akafuata kompyuta, na ndugu zake walilitaja jambo hilo kwa sauti ya chini, kama watu wanavyotaja msiba.

"Shikamoo," nilimwamkia.

"Marahaba. Jina?"

"Kondo."

"Kondo, fumba macho."

Nikafumba.

"Unasikia nini?"

"Feni."

"Feni ngapi?"

"Moja."

"Ziko sita. Kaa hapo mpaka uzisikie zote, kila moja na sauti yake. Ukimaliza nitakuonyesha kibodi ilipo."

Nilikaa tangu asubuhi mpaka saa saba mchana, macho nimeyafumba, sufi ikinitua kichwani. Nilizisikia tano. Ya sita, aliniungamia miezi kadhaa baadaye, ilikuwa imekufa tangu mwaka uliopita, na alitaka kuona kama mie ni mtu wa kudanganya.

Kazi yetu mnaijua, ila naiandika kwa ajili ya atakayesoma bila kutujua. Tulitunza daftari la damu la hospitali. Muuguzi anaandika kundi la damu analolitaka, na kanzidata yetu, lile ghala la kumbukumbu, inamjibu chupa iko rafu gani na katika hospitali gani. Chini ya kanzidata kuna mfumo endeshi, na katikati ya mfumo endeshi kuna kerneli. Kerneli ndiyo inayosimama kati ya programu na chuma. Haionekani wala haisifiwi, na ikikosea lawama humwendea mwingine. Kila baada ya muda hutoka toleo jipya, nasi tunalazimika kulipokea, kwa sababu la zamani lina matundu ya kupitia wezi.

Mzee Abeid hakupokea toleo lolote bila kulipima. Alikuwa na kanuni aliyoitoa dukani kwa baba yake: anayepima asiegemee kaunta. Baba huyo alikuwa akiwafukuza wateja wote mbele ya mizani kabla ya kumwaga mchele, maana kiwiko kimoja juu ya meza kinatosha kuitia mizani uongo. Abeid aliihamishia kanuni hiyo kwenye kompyuta. Tulikuwa na seva ya pili, pacha wa ile inayohudumia hospitali, kwa ajili ya kupimia tu. Siku ya kipimo kila mmoja wetu alijitoa kwenye mashine na kuzima kioo chake. Adhana ya adhuhuri ikianza kwenye msikiti wa jirani, Abeid alisema bismillahi, akabonyeza, akafunga mlango na kuutia ufunguo mfukoni. Wa kuswali tukaenda kuswali, wa kula wakaenda kula. Humo ndani mashine ilibaki peke yake na maswali elfu tano ya damu, moja baada ya jingine, kama muuguzi mmoja asiyechoka. Tukirudi tulikuta dakika na sekunde zimeandikwa kwenye kioo, na tukazinakili kwenye kaunta buku kwa kalamu ya wino.

Kipimo hicho kilitulinda miaka mingi. Kuna kipindi kilikuwa kinaharibika kila Alhamisi, Alhamisi tu. Tulikagua programu mwezi mzima. Kumbe gereji ya nyuma ilikuwa inachomelea mageti siku hiyo, umeme unashuka, na mashine inajikuna. Abeid alikwenda kuzungumza na mwenye gereji na akarudi na geti jipya la nyumbani kwake. Alhamisi zikatengemaa.

Alipostaafu alihamia kwa binti yake Ubungo, akafia huko, na kipimo kikabaki mikononi mwangu. Nilikiendesha vilevile, adhana, bismillahi, ufunguo. Nilichoongeza ni kitu kimoja tu, na hakikuhusu kipimo chenyewe. Nilijiandikia kidirisha cha kuchungulia mashine nikiwa mezani, kinachoonyesha namba zikipanda na kushuka. Nilikiandika nikiwa bado sijui kuandika. Hakikuwa na pumziko: kiliuliza mashine hali yake, kikapata jibu, kikauliza tena hapohapo, bila kukoma. Nilipenda kuona namba zikirukaruka. Siku ya kipimo nilikifunga, kama kanuni inavyotaka.

Kisha akaja Mwanahamisi, mtoto wa Kimbiji, ambaye mama yake analima mihogo huko na ana minazi michache. Alikuwa na mdomo.

"Mjomba," aliniambia wiki ya kwanza, "hii faharisi yenu aliiandika nani? Inatafuta damu kama bi harusi aliyeangusha hereni mchangani."

"Niliiandika mie."

"Basi hongera, mjomba. Bi harusi mwenyewe mzuri."

Aliandika faharisi mpya, yaani mpango mpya wa kupata kitu ghalani bila kupekua rafu zote. Ilimchukua karibu mwaka. Ilikuwa kazi ya kukata pumzi, na ilihitaji data yote ipangwe upya kuanzia chini. Hospitali zilitupa Jumamosi moja na Jumapili yake. Jumamosi tukaingiza faharisi ya Mwanahamisi. Jumapili nikaingiza kerneli mpya, iliyokuwa imetusubiri muda mrefu. Mabadiliko mawili bila kipimo katikati. Abeid angenichapa rula.

Jumatatu adhana ikalia, nikabonyeza, tukatoka. Kipimo kilichokuwa kikichukua dakika nne kilichukua sita na nusu.

"Kwangu inaenda mbio," alisema Mwanahamisi. "Njoo uone mezani kwangu. Dakika tatu hazifiki."

Hayo ni maneno ambayo kila mwandishi wa programu huyasema, na nilimtazama kwa huruma ya mtu mzima.

Mkuu wetu, Injinia Malisa, mtu wa Moshi, mpole wa sauti na mkali wa tarehe, alitaka jibu moja: ni kerneli au ni faharisi? Nilikaa siku tatu. Nilirudisha data ya zamani kwenye pacha ili nipime kerneli peke yake. Nikaweka kerneli ya zamani, nikapima. Nikaweka mpya, nikapima. Nilifanya hivyo mara kumi na mbili, mezani kwangu, kidirisha changu kimefunguka, macho yangu hayabanduki. Dakika nne, dakika nne, dakika nne. Kerneli zote mbili zilikwenda sawa kama maji ya mtungi mmoja. Nikaandika ripoti ya kurasa mbili yenye mchoro. Kerneli ni safi. Kwa kuondoa, kilichobaki ni faharisi. Nikatia sahihi.

Malisa alimsimamisha Mwanahamisi siku hiyohiyo. Kamati ya nidhamu ingekaa baada ya wiki mbili na siku chache, na kielelezo chake kilikuwa kimoja, ripoti yangu. Kwamba aliingiza kazi mbovu kwenye daftari la damu na akaitetea alipoulizwa. Mtu akiondolewa kwa maneno hayo, hakuna atakayempa tena kazi ya kugusa data hapa mjini. Alikusanya vitu vyake mbele yetu, kikombe na khanga ya kujikinga na kiyoyozi.

"Mjomba," alisema mlangoni, "unaamini kweli?"

"Namba zimesema, mwanangu."

"Sikuulizi namba."

Akaenda.

Kurudisha data ya zamani kwenye seva ya hospitali kulituchukua siku kumi na mbili, tukifanya kidogokidogo ili hospitali zisikwame. Ilipokamilika, faharisi yake ilikuwa imefutika yote na ya kwangu, bi harusi wangu, imerudi mahali pake. Nilifanya kipimo cha adhuhuri kwa moyo mwepesi. Niliswali na kurudi, nikafungua mlango.

Dakika sita na nusu.

Nilisimama na ufunguo mkononi. Nje gereji zote zilikuwa kimya kwa chakula, na Chang'ombe nzima ikatulia kama nyumba ambayo watu wake wametoka kwa haraka. Mwanahamisi alikuwa ameondoka na kazi yake imeondoka. Namba ilikuwa imebaki.

Siku zilezile wauguzi walianza kulalamika, na malalamiko yao yaligeuza akili. Walisema asubuhi, wakati hospitali zote zinapouliza kwa pamoja, daftari linajibu haraka. Mchana kukiwa kimya, muuguzi mmoja peke yake anauliza kitu kimoja, linaburuta. Kitu hukwama kikizidiwa, hiyo ndiyo sheria tuliyoijua. Hiki kilikwama kikiachwa. Vijana ofisini walianza kusema jini, kwanza kwa kucheka, halafu bila kucheka. Mmoja alileta ubani. Nilimwambia autoe nje, moshi unaziba feni, lakini nilimwambia kwa upole kuliko nilivyokusudia.

Mama Zuhura ndiye aliyenifumbua. Alikuwa mfagizi wetu tangu enzi za Abeid, na alikuwa na ruhusa ya kupiga deki ukumbini wakati wa kipimo, mradi asifungue mlango.

"Nyie watu wasomi," aliniambia, ameegemea mpini wa brashi, "mnahangaika nini? Hiyo mashine ikibaki peke yake inashusha pumzi."

"Inashushaje, mama?"

"Mie napigaga deki hapa miaka yote. Zamani mkitoka ilikuwa inavuma vilevile, vuuu, kama mtu yuko kazini. Siku hizi mkitoka tu inafanya hivi." Akavuta pumzi, akaiachia polepole kwa pua, mabega yakamshuka. "Mkirudi inashtuka. Kama mtoto anayejifanya anasoma."

"Kwa nini hukusema?"

"Mlimfukuza yule binti aliyesema. Mie wa deki mngenisikiliza?"

Kesho yake adhana ilipoanza nilibonyeza kama kawaida, wenzangu wakatoka, nikafunga mlango kwa sauti na nikabaki ndani. Nilivua viatu. Nilikuwa nimezima kioo na kufunga kidirisha changu. Nilikaa sakafuni, mgongo ukutani, nikafumba macho kama siku ile ya kwanza, nikazitafuta feni.

Zilikuwepo zote, juu, zinavuma. Kisha ukumbi ukanyamaza, na nikazisikia zikishuka. Sauti ilizama taratibu, uzi mmoja baada ya mwingine, mpaka ikawa mvumo mzito wa chini unaokuja na kuondoka, unaokuja na kuondoka. Mashine ilikuwa katikati ya kazi, maswali elfu tano ya damu yako mbele yake, na nilisikia kama mtu amelala. Sufi ilishuka ikatua kwenye goti langu. Niliogopa kukohoa. Ninawaambia hivi nikiwa mtu wa namba: niliogopa kwamba ikijua nipo, itaamka.

Dakika sita na nusu.

Siku iliyofuata nikafanya kinyume. Nilitoka, lakini kidirisha changu niliacha kimefunguka juu ya meza, kikichungulia bila mtu wa kukitazama. Nilisimama ukumbini, sikio kwenye matofali ya matundu. Mama Zuhura alisimama upande wa pili wa ndoo yake. Feni zilianza juu. Tukasubiri. Hazikushuka.

"Leo haijalala," alinong'ona.

Dakika nne.

Kwa hiyo haikuwa inanihisi mie. Nikiwepo bila kidirisha ilizembea, na nisipokuwepo ilikimbia, mradi kile kidirisha kiko wazi. Kidirisha changu kisichojua kupumzika kilikuwa kinaiuliza hali bila kukoma, na mashine inayoulizwa bila kukoma haipati nafasi ya kusinzia. Prosesa, ule ubongo wa mashine, husinzia ikikosa kazi, hata kwa kitambo kidogo kati ya swali na swali, ili kuokoa umeme. Kuna usingizi mwepesi na kuna usingizi mzito. Wa mwepesi huamka hapohapo. Wa mzito huchelewa kidogo sana, kitambo usichoweza kukiona, lakini kila swali la damu lina hatua nyingi ndogondogo, na katikati ya kila hatua kuna nafasi ya kulala na kuamka. Kerneli ndiyo inayoamua usingizi wa aina gani. Ya zamani ilikuwa inasinzia kwa jicho moja. Mpya ilikuwa inazama.

Mnaona nilichokifanya. Nilipopima kerneli mpya mara kumi na mbili nilikuwa nimeikalia macho, na kuchungulia kwangu ndiko kulikoiamsha. Mwanahamisi naye mezani kwake alikuwa akiitazama kwa kidirisha changu hichohicho, ndiyo maana kwake ilikwenda mbio. Faharisi ya Mwanahamisi nilikuwa nimeihukumu kwa kipimo cha adhuhuri, gizani, mashine imelala. Nilimpima yeye kwa mizani moja na kerneli kwa nyingine. Niliegemea kaunta upande mmoja tu.

Ilibaki siku nne kabla ya kamati. Nilizitumia kutafuta badiliko lenyewe, maana Malisa asingekubali hadithi ya usingizi bila jina na anwani. Kati ya kerneli ya zamani na mpya kuna mabadiliko maelfu yaliyofuatana. Njia ni kugawa nusu kwa nusu: jenga ile ya katikati, ipime ikiwa peke yake. Ikilala vibaya, kosa liko nyuma yake. Isipolala, liko mbele. Gawa tena. Kila kujenga kunakula saa nzima, na kila kipimo nilitoka nikasimama ukumbini. Kufikia siku ya tatu Mama Zuhura alikuwa ananitangulia kwa kusikiliza tu.

"Hiyo imelala," anasema, hata namba haijatoka. Hakukosea mara moja.

Mwisho nilibaki na badiliko moja dogo la mistari michache, lililoandikwa na mtu wa mbali ambaye sitamwona. Alieleza nia yake kwa ufasaha na adabu: alitaka mashine duniani ziokoe umeme. Sisi wa Dar ndio tungepaswa kumpelekea barua ya pongezi. Nikaweka mpangilio mmoja unaoizuia prosesa isizame. Nikafunga kila kitu, nikatoka. Dakika nne, bila mtu wala kidirisha.

Kisha nikafanya kitu ambacho nilikuwa nakiahirisha. Nilichukua nakala ya faharisi ya Mwanahamisi, nikaipanga kwenye pacha, nikaipima kwa haki. Dakika mbili na sekunde hamsini. Ilimaliza kila hatua upesi, kwa hiyo kwenye kerneli mpya iliacha nafasi nyingi zaidi za kulala, na haraka yake yote ikamezwa na usingizi. Ilikuwa bora kuliko chochote nilichowahi kuandika katika ghala lile.

Asubuhi ya kamati nilimfuata Malisa ofisini kwake.

"Mzee Kondo," alisema baada ya kunisikiliza mpaka mwisho, "umebakiza miezi mitatu ustaafu. Ripoti yako ya kwanza iko wazi, imesomwa, imepokelewa. Ukiifuta leo, watauliza zote ulizoandika miaka yote. Tunaweza kumpunguzia binti adhabu kimyakimya. Onyo tu. Jina lako libaki."

"Na lake?"

Aliirudisha ripoti ya kwanza ndani ya faili.

"Injinia, ninaomba wajumbe waje kusikia. Dakika kumi na moja tu."

Walikuja, wanne, na Malisa wa tano. Walisimama ukumbini pale Mama Zuhura anapopiga deki, watu wazima wenye mafaili, masikio yao kwenye matundu ya ukuta. Niliirudisha mashine kwenye kerneli mpya bila kizuizi. Mara ya kwanza niliacha kidirisha wazi. Walisikia mvumo, wakatazamana, mmoja akaangalia saa. Mara ya pili nilikifunga, nikatoka, nikavuta mlango. Feni zikaanza kushuka. Yule mama wa utumishi, aliyekuwa karibu zaidi na ukuta, alirudi hatua moja nyuma na kushika kola ya gauni lake.

"Nani yuko humo ndani?" aliuliza.

"Hakuna mtu, mama," nilisema. "Hiyo ndiyo kesi yenyewe."

Kamati haikukaa hata nusu saa. Walimrudisha kazini, wakaandika kwamba faharisi yake haina kosa. Kuhusu mie waliandika mstari mmoja, na ulikuwa wa haki.

Simu ya Mwanahamisi ilikuwa imezimwa tangu alipoondoka, kwa hiyo kesho yake nilivuka kwenda Kigamboni na kushika barabara ya Kimbiji, ambayo mvua ilikuwa imeichimba vibaya. Nilimkuta nyuma ya nyumba akimenya mihogo pamoja na mama yake. Aliniona tangu mbali na hakusimama. Mama yake alisimama, akanipa kiti, akaniletea maji. Nilimpa Mwanahamisi barua. Aliisoma, akaikunja, akaiweka chini ya bakuli ili upepo usiichukue.

"Kwa hiyo mashine imesema," alisema.

"Imesema."

"Mama hajui mambo ya mashine. Anachojua ni kwamba watu wa hapa wanasema mwanaye aliharibu damu za hospitali. Mwambie yeye."

Nilimgeukia yule mama. Nilikuwa na maelezo mazuri ya usingizi mzito na mwepesi, na hayakufaa kitu pale.

"Mama, mwanao hakuharibu chochote. Niliyesema ameharibu ni mie. Nilikosea."

Aliendelea kumenya, kisu kikizunguka polepole kwenye ganda.

"Siku uliyosema," aliniuliza, "ulikuwa na wasiwasi hata kidogo?"

"Hapana, mama. Nilikuwa na hakika kabisa."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa jambo alilokuwa akilihofia. Aliingia jikoni akaanza kuwasha moto, na nikajua nitakula pale na kwamba kula kwenyewe hakutakuwa kusamehewa.

"Ile ripoti," Mwanahamisi aliniuliza tukiwa wawili, "umeichana?"

"Nilikuwa nimepanga kuichana leo nikirudi."

"Usiichane." Alikuwa ananitazama usoni kwa mara ya kwanza. "Ibandike kwenye kaunta buku na sahihi yako. Halafu ya pili uibandike baada yake. Mtu akifungua aanze na ya kwanza."

Jumatatu alirudi kazini, akaketi, akaanza kuirudisha faharisi yake kuanzia chini. Mie nilibandika zile ripoti kama alivyoagiza, na zipo. Nawaomba mzisome kwa mpangilio huohuo. Ya pili mtaielewa upesi, mmekwisha kusikia habari zake. Kaeni zaidi na ya kwanza. Ina vipimo kumi na viwili vya kila kerneli, mchoro uliochorwa vizuri, na hitimisho linalofuata hoja zake hatua kwa hatua. Nimeirudia mara nyingi tangu niache kazi, nikijua kabisa kwamba si kweli, na bado nikifika mwisho wa ukurasa wa pili ninaiamini.